Amri ya Tano Kando ya Lambo



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali moja: Mtu akimdhuru jirani yake pasipo kumwona wala kumchukia, je, ana hatia? Swali hili si la wenye elimu tu. Hapa Lingeka, na pande zote za Bariadi, twaulizwa kila siku kando ya lambo.

Ugonjwa wa kichocho mwaujua. Zamani wengine walidhani ya kuwa damu katika mkojo wa mvulana ni dalili ya kupevuka. Wengine walisema amerogwa. Lakini mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo wenyewe katika maiti huko Kairo. Na mwaka 1913 Miyairi wa Japani alionyesha ya kwamba vijidudu vya kichocho cha nchi yake hukua ndani ya konokono. Tangu hapo njia ya ugonjwa ilianza kujulikana. Mgonjwa akienda haja majini, mayai huanguliwa. Vijidudu huingia katika konokono, huzidi humo, kisha hutoka, hasa jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mtu asimamaye majini. Si lazima ayanywe. Minyoo hukaa mwilini miaka mingi, hupunguza damu, huharibu kibofu na ini, na wanawake huwatia vidonda vya siri.

Basi, konokono hazaliwi na ugonjwa. Huupata kwa mtu. Aliyekojoa lamboni amekwenda zake, na mtoto aogaye baada ya majuma kadhaa hamjui. Hawakugombana, hata hawakuonana. Walakini damu imemwagika.

Mtu atasema, “Asiyejua hana hatia.” Na iwe hivyo kwa asiyejua. Lakini sisi tumekwisha kujua. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alifundisha ya kwamba amri ya tano haitimizwi kwa kutoua tu. Yatudai pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Ajuaye njia ya kichocho, naye akiendelea kuchafua maji, asijitetee kwa kusema hakushika kisu.

Lakini tusifanye haraka kuhukumu. Mfikirini mama akaaye pembeni mwa mji, katika mtaa uliojengwa pasipo kupimwa. Bomba halijamfikia, choo chake kilibomoka wakati wa masika. Amesikia mafundisho yote, hata aweza kuyafundisha mwenyewe. Hata hivyo asubuhi yuashika ndoo na kuingia lamboni, maana watoto hawana budi kuoga na nguo hazina budi kufuliwa. Je, tumwite mkosaji? Hasha! Maarifa pasipo njia ya kuyafuata ni mzigo mwingine kichwani pa maskini. Nasi tukimwambia tu, “Usiingie majini,” kisha tukaenda zetu, twafanana na yule aliyeonywa na Yakobo, ambaye humtakia ndugu yake shibe na joto, asimpe chakula wala nguo.

Kwa hiyo twaona ya kwamba deni la mtu ajuaye halilipwi kwa kusema tu. Hulipwa pia kwa jembe. Vijana wa usharika na wamchimbie mjane choo, mbali na maji. Wazee na waende pamoja kwa wakuu wa serikali kuomba kisima, wasichoke. Waalimu na wafundishe ya kwamba maji ya kuogea yakiwekwa siku mbili katika chombo kisicho na konokono, vijidudu hufa. Wazazi wasiwafiche watoto siku vidonge vya prazikwanteli vitolewapo shuleni; lakini wajue ya kuwa dawa hii huua minyoo iliyomo, haizuii mingine kuingia kesho. Pasipo choo na maji safi, twatibu na kuambukiza tena.

Kaini aliulizwa habari za ndugu yake aliyemwona kwa macho. Sisi twaulizwa habari za ndugu ambaye hatujamwona bado, atakayekuja kuteka baada yetu. Bwana atujalie kumjibu kwa mikono yetu. Amin.