Kura ni Amana ya Nani?

Katika uchaguzi wa Januari 1961, Unguja na Pemba zilipochagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria, chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, chama cha Hizbu (ZNP) 9, na Chama cha Watu wa Unguja na Pemba (ZPPP), kilichojitenga na Afro-Shirazi mwaka 1959, kikapata 3; tena kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi walikitwaa kwa kura moja tu ya ziada. Wale watatu wa ZPPP nao wakafarakana, wawili wakaelekea Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Hapo lilizuka suala lisilo la siasa pekee: kura ikishatumbukia sandukuni, ni ya nani?

Mafakihi hutufundisha katika mlango wa wakala kwamba niliyemtuma aniuzie karafuu hana ruhusa ya kuzitoa hiba, ijapokuwa anayepewa ni fukara na hiba ina thawabu, kwani mpaka wa wakala huwekwa na idhini ya aliyetuma, si na wema wa nia ya aliyetumwa. Mjumbe aliyeomba kura kwa jina la chama kilichosimama peke yake, kisha akaegemea upande mmoja bila kuwarejea waliompeleka, ameupita mpaka huo. Na katika hili sioni tofauti baina ya wale wawili na yule mmoja.

Lakini tusiubandike kila muungano jina la khiyana. Uchaguzi uliporudiwa mwezi wa Juni kwa viti 23, Hizbu na ZPPP walikuwa wamekwisha kupatana hadharani, na mpiga kura alijua ampaye mmoja amewapa wote wawili. Walipata 10 na 3, Afro-Shirazi 10, wakaunda serikali chini ya Muhammad Shamte wa ZPPP; na kwa kanuni ya wakala walikuwa katika haki yao. Hata hivyo fujo zilizoanza siku ile ya kura ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, na hakuna hoja ya sanduku inayohalalisha hata roho moja katika hizo.

Zito zaidi kwangu ni suala la uchaguzi wa Julai 1963. Afro-Shirazi ilipata yapata asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 katika 31, kwa kuwa wafuasi wake walirundikana katika majimbo iliyoyashinda kwa wingi mno, ilhali wapinzani wao walishinda kwingi kwa kura chache. Shamte akabaki madarakani. Huwezi kumnyoshea kidole mjumbe yeyote kwa hilo, wala hesabu ya kura; kilichopunjwa ni uzito wa kura yenyewe. Nami naona Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, inamhusu mchora mipaka ya majimbo kama inavyomhusu muuza mchele, na haimtoshi kusema hakukusudia.

Serikali hiyo ilikabidhiwa uhuru tarehe 10 Disemba 1963, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964.