Mwamsheni Kwanza



Nabii Eliya alikuwa amelala chini ya mti kule jangwani, amechoka kiasi cha kuomba afe. Malaika akamjia, na chakula kipo tayari, mkate na maji. Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mwone malaika yule alianza na nini. Hakumtia mkate mdomoni akiwa usingizini. Alimgusa, akamwamsha, akamtaka ainuke. Ndipo Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwamsha tena, akamlisha tena, kwa kuwa safari ya mbele ilikuwa ndefu.

Habari hiyo nimeisikia tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Sikuielewa mpaka baba yangu alipopatwa na kiharusi.

Tulimrudisha nyumbani upande wa kulia umelegea, mdomo umepinda. Nikamletea chai ya maziwa. Nikamwinua kichwa kwa mkono mmoja, mwili wake umelala chali, macho nusu yamefumba, nikammiminia. "Kunywa baba, upate nguvu." Akapaliwa. Akakohoa hadi uso ukabadilika rangi, na sauti yake ikabaki na majimaji kama ya mtu anayesukutua. Siku ya tatu homa ikapanda, kifua kinakoroma. Nimonia! Chai niliyompa kwa mapenzi ilikuwa imeingia mapafuni. Nusura nimwue baba yangu kwa kikombe.

Wekeni kidole kooni sasa hivi, mmeze mate. Mmekisikia kile kifundo kinapanda na kushuka? Kinapopanda, kidakatonge hufunika njia ya hewa, pumzi husimama, umio hufunguka, na tonge hupita. Ni kazi ya kama sekunde moja tu, nasi hatujawahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Kiharusi huivuruga. Karibu nusu ya wanaopatwa nacho hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo. Na wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata mara moja: chakula kinateleza kimya kuelekea mapafuni, huku ndugu wanafurahi kwamba leo mgonjwa amekula vizuri. Kwa hiyo nawasihi, kabla ya kijiko cha kwanza mwulizeni daktari au muuguzi: je, amepimwa kumeza? Msiondoke wodini bila jibu.

Sisi tunaamini maji hayana madhara kwa mgonjwa yeyote. Kumbe maji hukimbia, hufika kooni kabla mlango haujafungwa! Uji mzito hutembea polepole, ukalipa koo nafasi. Lakini nao ukizidi kunata hubaki umeganda kooni, basi mtaalamu aseme uzito unaomfaa mgonjwa wenu. Muuguzi aliyetusaidia alichota uji, akainamisha kijiko: uji ukashuka wote pamoja, kijiko kikabaki karibu kisafi. Tukaushika mfano huo. Ugali mkavu tukauacha, na wali wa kutawanyika, na ile supu ya vipande, maana mchuzi hutangulia mbio wakati nyama bado inatafutwa na ulimi.

Sasa nasema kwa uchungu juu ya dhambi yetu ya pili, nayo ni njaa. Tukishaogopa kupaliwa, tunampa mgonjwa uji mtupu asubuhi, mchana na jioni, wiki baada ya wiki. Unga kidogo, maji mengi! Mwili unakwisha mbele ya macho yetu, vidonda vya kulalia vinachimba mgongo, na hata misuli ya kumezea inanyong'onyea. Jamani, mtieni kitu kwenye uji huo! Maziwa, yai lililoiva na kupondwa, karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa, kijiko cha mafuta. Mtori sageni pamoja na nyama yake. Pondeni parachichi. Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, kama malaika aliyerudi.

Na daktari akisema mpira wa kulishia upitishwe puani, msikatae, wala msiuchomoe usiku kwa aibu ya majirani. Mpira huo hubeba chakula wakati koo linajifunza upya. Wengi hurudiwa na uwezo wa kumeza ndani ya wiki chache, wengine baada ya miezi ya mazoezi wanayofundishwa: kuusukuma ulimi, kumeza kwa kukaza koo. Baba alifanya yake kila asubuhi kabla ya rozari, jasho likimtoka.

Alikula hivi. Tulimwamsha, tukamketisha wima kwenye kiti, miguu chini, redio imezimwa. Tulimsafisha kinywa, kwa sababu uchafu wa meno ukishuka mapafuni huzaa nimonia. Nilikaa mbele yake, macho yetu sawa. Kijiko cha chai, nusu. Nikakitazama kifundo cha koo kikipanda. Nikasubiri. Nikamwambia aseme "aah". Sauti ikiwa na majimaji, tunasimama. Bakuli moja lilichukua dakika 40. Akishamaliza hakulala kwa nusu saa.

Wako wanaoniuliza kuhusu Ekaristi. Mwambieni padre mapema hali ya mgonjwa. Chembe ndogo kabisa ya hostia ni Kristo mzima, na kanuni ya 925 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu divai peke yake panapokuwa na ulazima. Hata hapo, mkumbuke kwamba divai hukimbia kama maji. Iwe tone tu, naye ameketi.

Jumamosi jumuiya yetu inamtembelea mzee wetu aliyetoka hospitali. Mwenye juisi au soda aikabidhi jikoni kwa binti yake, asimnyweshe yeye mwenyewe. Leteni karanga, mayai, maziwa. Nyimbo tuimbe kabla hajaanza kula, kisha tutoke nje wote, abaki yeye na binti yake na kijiko. Na mwenye mito miwili migumu aje nayo, maana kitanda chao hakina pa kuegemea.