Yohana na Yahya: jina moja au mawili?

Jina Yohana asili yake ni Kiebrania: Yohanan. Ni sentensi nzima iliyobanwa katika neno moja. Mwanzoni mna ufupisho wa jina la Mungu, na kinachofuata ni kitenzi cha kurehemu na kufadhili. Kwa pamoja, "Mungu amefadhili". Wagiriki walilitamka Ioannes, Walatini Iohannes, kisha likatawanyika: Juan, Giovanni, Ivan, Jean, John, Hans. Katika Kiswahili, Wakatoliki husema Yohane na Waprotestanti Yohana. Sauti ilisafiri, maana ikabaki njiani; anayemwita mwanawe Ivan hajui tena kwamba anataja fadhili za Mungu.

Qurani humwita Yohana Mbatizaji, mwana wa Zakaria, kwa jina Yahya, ambalo sikio la Mwarabu hulisikia kama "anaishi". Je, ni jina lilelile? Wapo wataalamu waliodai kwamba katika maandishi ya kale yasiyo na nukta, Yahya na Yuhanna (jina wanalotumia Wakristo Waarabu) yalifanana, hivyo moja likasomwa badala ya lingine. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani Qurani ilipokewa kwa midomo kabla ya kalamu, na wasomaji wake wote husema Yahya.

Ugumu mwingine umo katika Sura ya Maryam, aya ya 7, isemayo kwamba hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake. Biblia inamtaja Yohanani mwana wa Karea, aliyeishi karne nyingi kabla. Baadhi ya wafasiri hujibu kwamba neno la Kiarabu lililotumika pale, "samiyy", laweza pia kumaanisha aliye mfano wake. Wanaolihesabu Yahya kuwa jina jipya hawapati tatizo hata kidogo.

Hata hivyo, aya ya 13 ya sura hiyohiyo yasema Yahya alipewa "hanan", yaani huruma itokayo kwa Mungu. Neno hilo halipo penginepo katika Qurani yote, na mzizi wake ndio uleule wa Yohanan. Maana iliyopotea katika Ivan na Juan imehifadhiwa hapa, pembeni mwa jina lenyewe. Kwa hiyo majina ni mawili, ila anayetajwa ni mmoja.

Ndani ya Msikiti wa Umawiyya, Damascus, limo kaburi linaloaminika kuwa na kichwa cha Yahya. Mei 6, 2001, Papa Yohane Paulo II, aliyebeba jina la Yohana, aliingia humo, akawa papa wa kwanza kuingia msikitini.