Refa Nje ya Kiwanja

Mtu mmoja achezeshaye mpira siku ya Jumamosi atoka kanisani Jumapili pamoja na mkewe na watoto. Mlangoni akutana na jirani yake, naye amwuliza kwa sauti kubwa: "Bwana, penalti ya jana uliitoa wapi? Walikupa kiasi gani?" Watoto wamwangalia baba yao. Je, ajibu nini?

Wengine husema anyamaze, maana sheria za mpira zasema kwamba uamuzi wa refa juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Ni kweli, mchezo ukiisha kuanza tena, hata yeye mwenyewe hawezi kuubadili. Lakini kipenga hutawala kiwanjani tu. Mlangoni pa kanisa refa ni Mkristo kama wengine, na ukweli wamdai kama uwadaivyo wote.

Basi, yampasa kupambanua mambo mawili. Lile neno la rushwa, kama si kweli, ana haki ya kulikana waziwazi, pasipo matusi, maana jina jema la baba ni mali ya watoto pia. Juu ya penalti, aseme alichokiona. Na kama ametambua ya kuwa alikosea, akiri, wala asimtupie lawama mshika kibendera. Kukosea kwa macho si dhambi. Kusema uongo ili kulinda heshima ndiyo dhambi.

Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Marekani, mrushaji wa besiboli Armando Galarraga alibakiwa na mpigaji mmoja tu ili apate sifa iliyo adimu kabisa katika mchezo ule. Mwamuzi Jim Joyce akatangaza kwamba mpigaji huyo amefika salama, kumbe sivyo. Mchezo ulipokwisha alizitazama picha, akakiri kosa lake hadharani, akamwomba Galarraga radhi, naye akamsamehe. Uamuzi haukubadilishwa. Lakini kesho yake mwamuzi yule alipoingia uwanjani, watazamaji walimpigia makofi, naye akatokwa na machozi.

Nasi watazamaji je? Tukiwa na swali, tumwulize refa kwa adabu, kando, si mbele ya watoto wake. Wahenga walisema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Tukimwita mla rushwa pasipo ushahidi, twavunja Amri ya Nane, hata kama penalti ile haikuwa halali.