Je, Kaunti Inaweza Kutamani?

Watoto wa darasa langu la kipaimara wanaipenda amri ya kumi kwa sababu ya punda. Hapa Kansas City hakuna jirani mwenye punda, kwa hiyo tukifika hapo lazima wacheke, nami huwaacha wacheke kidogo kabla ya kuwauliza maelezo yake. Mwaka huu kijana mmoja hakucheka. Wazazi wake ni Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Alipokuwa bado mdogo, mama yake alikuwa akisafisha ofisi za kampuni moja upande wa Missouri. Kampuni ikahamia Kansas, mwendo mfupi tu kwa gari, baada ya kuahidiwa nafuu ya kodi. Wenye meza na kompyuta walihama nayo. Wasafishaji walikuwa wa mkandarasi, na basi la usiku halikufika kule.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwa hiyo Kansas ilivunja amri ya kumi?"

Nilimwambia asubiri. Swali kama hilo halijibiwi dakika tano kabla ya chai.

Sisi Walutheri tumezigawa amri za kutamani mbili: ya tisa inahusu nyumba ya jirani, ya kumi mke wake, watumishi wake na mifugo yake. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaieleza ya kumi kwa maneno niliyoyakariri nikiwa msichana Machame bila kuyatafakari. Haishii kwenye tamaa ya moyoni. Anakataza kuwarubuni watu wa jirani wamwache, kisha anaongeza agizo: tuwahimize wabaki kwake wakatimize wajibu wao. Na kwenye ya tisa anamkemea anayejipatia nyumba ya mwenzake kwa hila yenye sura ya haki. Kule Machame nilidhani anamsema mtu anayemnyemelea kijana wa kukata majani ya ng'ombe wa jirani na kumwahidi nyongeza. Siku hizi nikisoma matangazo ya idara za maendeleo ya uchumi za majimbo ya Marekani, naona Luther alizifahamu vizuri.

Kuna barabara hapa inaitwa State Line Road. Magharibi yake ni Kansas, mashariki yake ni Missouri. Ni mji mmoja kwa ununuzi, kwa foleni za magari na kwa ushabiki wa mpira, ila una serikali mbili za majimbo. Mwaka 2011 makao makuu ya kampuni ya migahawa ya Applebee's yalitoka Kansas yakaja Missouri. Mwaka huohuo kampuni ya sinema ya AMC ikatangaza kutoka katikati ya mji, Missouri, kwenda Leawood, Kansas. Kila upande ulishangilia ilipofika zamu yake. Miaka minne baadaye Applebee's ikafungasha tena, safari hii ikaenda Glendale, California, mbali na washangiliaji wote.

Namna fedha zilivyopatikana ndiyo inayonikosesha raha. Kansas ina mpango uitwao PEAK. Kodi ya mapato ya jimbo anayokatwa mfanyakazi kwenye mshahara, hadi asilimia 95 yake, inaweza kubaki kwa mwajiri aliyehamia. Missouri nayo ilikuwa na mipango ya aina hiyo. Fikiria mfanyakazi huyo anatazama hati yake ya mshahara. Imeandikwa kwamba amekatwa kodi ya jimbo, naye anaamini amechangia shule na barabara. Kumbe sehemu kubwa haikutoka mlangoni kwa bosi wake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo maana nasema hila yenye sura ya haki, na sidhani kama kuna mfano ulio wazi kuliko huu.

Kwa makadirio yaliyotajwa sana wakati wa mjadala, majimbo haya mawili yalisamehe karibu dola milioni 335 ili kazi kama 12,000 zivuke mpaka, nyingine zikienda, nyingine zikirudi. Ukitoa hizi kwa zile, Kansas ilibakiwa na ongezeko la kazi kama 1,200. Kwa wakazi wa mji huu kwa jumla, ambao baadhi yao huishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, ongezeko lilikuwa karibu na hakuna.

Sasa, nani alitenda dhambi? Gavana alitafuta ajira kwa wapiga kura wake. Diwani alilinda kodi ya majengo ya mtaa wake. Mkurugenzi wa kampuni alipunguza gharama, kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ukiwaita mmoja mmoja kwenye ofisi ya mchungaji, wote watatoka wasafi. Mwanateolojia mzaliwa wa jimbo hili hili la Missouri, Reinhold Niebuhr, aliyezaliwa Wright City mwaka 1892, aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1932, Moral Man and Immoral Society, alieleza kwamba kundi la watu lina uwezo mdogo kuliko mtu mmoja wa kuzuia ubinafsi wake. Tena alisema jambo chungu zaidi: kujitoa kwa mtu mmoja kwa ajili ya kundi lake ndiko kunakolisha ubinafsi wa kundi. Yule diwani anayekesha kwa ajili ya kaunti yake, asiyejipatia hata senti, ndiye kuni za moto huo.

Nampa Niebuhr haki yake, lakini namsikia pia diwani akijitetea. Naweza kumwachia jirani shati langu. Siwezi kumwachia shati la mtoto niliyekabidhiwa kumlea. Kiongozi anayekataa kampuni kwa upole wake anatoa sadaka ya mkate wa wengine. Hoja hii ni nzito, nami sijamsikia mhubiri akiijibu vizuri. Jibu langu ni dogo: lazima kwanza ujue mtoto ni nani. Yule mama Mkongo alipokosa kazi upande wa Missouri, dada yake aliyepanga Wyandotte, Kansas, ndiye aliyemsaidia kodi ya nyumba. Aliyekula na aliyenyang'anywa walikuwa familia moja.

Maandiko yana kisa cha Ahabu aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililopakana na jumba lake. Nakipenda, ila hapa hakitoshi, kwa maana shamba la Nabothi lilikaa kimya mahali pake. Makao makuu ya kampuni yana miguu, na yanajua kutamanisha. Septemba 2017 Amazon ilitangaza kwamba inatafuta mji wa kujenga makao makuu ya pili: ajira 50,000, uwekezaji wa dola bilioni 5, leteni maombi yenu. Yakaja maombi 238. Mji wa Stonecrest, Georgia, ukajitolea kumega ardhi yake uzaliwe mji uitwao Amazon. Meya wetu wa wakati ule, Sly James, alinunua vitu 1,000 kutoka kampuni hiyo na kuvipa vyote nyota tano. Alivitoa kwa mashirika ya hisani, jambo jema, lakini mimi niliona haya kwa niaba yake. Hatukuingia hata kwenye orodha ya miji 20. Katika hiyo 20, mitatu ilikuwa majirani wa eneo moja la Washington, na Maryland peke yake ilikuwa tayari kutoa kifurushi cha dola bilioni 8.5. Amazon ikavuka mto Potomac ikakaa Arlington, Virginia, kwa ahadi iliyokuwa ndogo zaidi kwa mbali.

Lakini kuna jambo la mwaka 2019 ambalo Niebuhr angelitazama kwa makini. Wenye makampuni 17 wa hapa walikuwa wamewaandikia magavana tangu 2011 wakiomba vita hii ikome. Hatimaye gavana Mike Parson wa Missouri alitia saini sheria mwezi Juni, na Laura Kelly wa Kansas akatoa amri ya kiserikali mwezi Agosti: ruzuku za jimbo zisitumike tena kuhamisha kazi zilizopo kuvuka mpaka ndani ya kaunti zetu. Mmoja ni Mrepublican, mwingine Mdemokrati. Sikuona machozi wala kukumbatiana. Ilikuwa karatasi mbili zinazotegemeana, kila moja ikiilinda nyingine. Nafikiri hiyo ndiyo toba ambayo kaunti inaiweza. Haijui kupenda, ila inaweza kufungwa mikono, tena kwa hiari yake.

Jumamosi iliyofuata nilimjibu kijana: ndiyo, Kansas iliivunja, na Missouri pia. Akataka kujua sasa nani ataungama. Nikamkumbusha kwamba kila Jumapili tunaungama wote kwa pamoja, kabla ya kuulizana nani kafanya nini.

Mkataba wa 2019 ulitimiza nusu ya maelezo ya Luther, ile ya kutorubuni. Nusu ya pili, kumhimiza mtu wa jirani abaki, haina fungu katika bajeti yoyote niliyowahi kuisikia. Na hata nusu ya kwanza ilikuwa na matundu. Aprili 2024 wapiga kura wa Jackson County, Missouri, walikataa kodi ya viwanja vya timu za Chiefs na Royals. Juni Kansas ikapitisha sheria ya kugharimia hadi asilimia 70 ya viwanja vipya, na mwaka uliofuata Missouri ikajibu kwa sheria ya hadi asilimia 50. Timu za michezo, tuliambiwa, haziguswi na ule mkataba.

Mzee mmoja wa kanisa letu anayekaa Olathe, Kansas, aliniuliza kwa utani kama naye aungame kwa kutamani timu isogee karibu na kwake. Nilimwambia kushangilia aendelee. Ila siku mbunge wake wa jimbo akija kuomba kura, amuulize kama alimpigia simu mwenzake wa Jackson County kabla ya kupiga kura ile ya Juni.