Mgeni Akisema: Imetosha

Kila mtu husema kwamba kumpokea mgeni ni jambo jema. Hata mchoyo husifu ukarimu, mradi autoe mwingine. Lakini ukiuliza, «Chakula cha mgeni ni cha nani? Ni cha mgeni mwenyewe, au ni cha sifa ya mwenye nyumba?», hapo watu hunyamaza kidogo. Ili tulifikiri swali hilo vizuri, natutazame desturi za watu wa Urusi, kwa maana ni taifa linalosifiwa sana kwa ukarimu wa mezani.

Katika lugha ya Kirusi neno la kumtaja mtu mkarimu limeundwa kwa maneno mawili: mkate na chumvi. Desturi yao ya zamani ni hii. Mgeni wa heshima akifika, hupokewa mlangoni kwa mkate mzima, uliowekwa juu ya kitambaa kilichotariziwa, na juu ya mkate pana kidau cha chumvi. Mgeni humega kipande, hukichovya katika chumvi, hukila. Basi, amepokewa. Hata siku hizi maarusi hupokewa hivyo, na wageni wakubwa wa nchi pia.

Kwa nini vitu hivyo viwili? Kwa sababu vilikuwa uzima wao. Urusi ni nchi ya baridi kali, na majira ya kulima ni mafupi. Mkate wa watu wa vijiji ulikuwa mkate mweusi wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, nayo huvumilia baridi. Pamoja na mkate huo walikula supu ya kabichi, tena uji mzito wa nafaka. Uji huo huitwa kasha. Msidhani kwamba walikula masanduku! Na chumvi ilikuwa ghali. Mwaka 1646 serikali ya mfalme iliweka kodi nzito juu ya chumvi. Watu walinung'unika hata kodi ile ikaondolewa, lakini hasira yao haikwisha. Mwaka 1648 wakaleta ghasia kubwa katika mji wa Moscow, nazo zinaitwa mpaka leo Ghasia za Chumvi.

Kwa hiyo, aliyempa mgeni mkate alimpa jasho lake, na aliyempa chumvi alimpa fedha yake. Lakini angalieni kipimo: ni kipande kimoja tu. Kitu ni cha thamani, nacho hakimlemei mgeni wala hakimfilisi mwenyeji.

Baada ya mlango huja meza. Zamani mgeni wa heshima aliketishwa katika pembe ya nyumba penye picha takatifu, mahali palipo bora kuliko pote. Ikaletwa mikate iliyojazwa samaki, kabichi au uyoga, na matango yaliyotiwa chumvi, na supu ya moto. Mwisho ilikuja chai, maji yake yakichemshwa katika samovari, chombo cha shaba chenye bomba la makaa katikati. Mji wa Tula umesifiwa kwa vyombo hivyo tangu karne ya 18. Na mwenyeji husihi: «Kula! Ongeza! Mbona hujala kitu?»

Hapo ndipo penye hatari. Mtungaji Ivan Krylov alitoa mwaka 1813 hadithi fupi ya Demyan na jirani yake Foka. Demyan amepika supu ya samaki, nzuri sana, yenye mafuta. Foka anaipenda, anakula sahani moja, na nyingine, na nyingine tena. Anasema ameshiba, lakini Demyan anazidi kumbembeleza. Foka anatoka jasho, anajilazimisha, anamaliza sahani, na mara nyingine inakuja. Mwishowe anashika mshipi wake na kofia, anakimbia kwake, wala harudi tena katika nyumba ile. Krylov aliwalenga waandishi wasiojua kunyamaza, lakini Warusi walilifanya jina la supu ile kuwa msemo kwa kila jambo jema linalolazimishwa.

Demyan alikosa nini? Hakuwa mchoyo, wala supu yake haikuwa mbaya. Alikosa kusikia. Rafiki yake alisema «imetosha», naye hakuwa na sikio la neno hilo. Mwenye kutoa asiyesikia hatoi tena, anatoza: anamtoza mgeni sifa, sahani kwa sahani. Na jambo hilo si la kuchekesha siku zote. Mezani kwa Warusi hutolewa pia vodka, pombe yao kali, na hunywewa kwa maneno ya kutakiana heri. Anayemwambia mgeni, «Usipomaliza kikombe hiki hunipendi», anatumia jina la upendo kumdhuru mtu.

Labda mmoja wenu atajibu: «Lakini anayesihi sana ana sababu yake.» Ndiyo, mara nyingi anayo. Katika miaka ya 1921 na 1922 njaa kuu iliua watu wengi sana katika bonde la mto Volga. Tena mji wa Leningrad ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944. Kuanzia tarehe 20 Novemba 1941, kwa muda wa majuma matano, mtoto au mzee alipewa gramu 125 za mkate kwa siku nzima, nao ulikuwa umechanganywa na vitu visivyo unga. Katika mji ule wako walioiba mkate wa wenzao, na wako waliokata kipande chao wakampa mwingine. Mama aliyeyaona hayo, akimjazia mgeni sahani baadaye, tusimcheke. Si sifa anayotafuta. Anapigana na njaa aliyoifahamu kwa sura.

Kwa hiyo mgeni naye ana wajibu. Kitabu cha Domostroi, kilichowafundisha Warusi wa karne ya 16 kutunza nyumba, kinawakataza walaji kukitia kasoro chakula. Wakipokee kwa shukrani. Mgeni asiyeonja kitu amefunga mlango aliofunguliwa. Aonje, ashukuru, kisha awe huru.

Mtawa Andrei Rublev, mwanzoni mwa karne ya 15, alichora picha ya wageni watatu wa Abrahamu. Mnakumbuka habari ile: Abrahamu aliahidi kipande cha mkate, akaleta ndama na siagi na maziwa, kisha akasimama chini ya mti huku wageni wanakula. Katika picha ya Rublev wageni wameketi mezani, kikombe kimoja kati yao, nyumba na mti nyuma yao. Lakini mwenye nyumba hayumo. Abrahamu na Sara hawakuchorwa. Na upande wa meza ulioelekea kwetu hauna mtu.

Ndilo jibu la swali letu. Chakula ni cha mgeni. Mwenyeji wa kweli huweka meza, kisha hujiondoa katikati, ili mgeni aonekane. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona ugonjwa gani, kama si ule wa kujitazama mwenyewe?

Basi, maskini asikope ili kumshangaza mgeni. Kipande na chumvi vyatosha, vikitolewa kwa uso mwema. Tajiri asipime upendo kwa wingi wa sahani. Na sote, mgeni akisema «imetosha», tumsikie. Nami naweka kalamu chini hapa, nisije nikawa Demyan kwenu.