Pepo Zilileta, Fitina Zikaondoa

Wanangu, maneno haya nimekwisha kuyasema mara nyingi, hata mdomo umechoka. Lakini nikiwasikia mkijisifu kwamba nchi zetu zimekaa pahali pazuri, zina bahari, zina bandari, zina gesi, kwa hiyo ukubwa utatujia wenyewe, nashindwa kunyamaza. Kaeni niwaeleze habari za Kilwa.

Kilwa Kisiwani ilijaliwa pahali. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Desemba, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka nayo. Ikigeuka kusi, yalirudi makwao. Nahodha aliyeishia Kilwa aliweza kuuza, kununua na kuondoka katika msimu ule ule. Akitaka kushuka zaidi hadi Sofala, pepo zilimwacha, akangoja mwaka wa pili. Kwa hiyo dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe na kushukia Sofala ilipandishwa na vyombo vya Wakilwa, na mgeni akaikuta Kilwa, kwa bei ya Wakilwa.

Hapo ndipo wengi mnapoishia, mkasema jiografia ndiyo iliyowapa. Pepo hizo zilikuwa zikivuma karne nyingi kabla, na kuna wakati biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa Mogadishu. Kilwa iliipata kwa siasa. Iliwahi kule kusini, ikaweka watawala wake, ikatoza ushuru, ikapiga sarafu za shaba zenye majina ya masultani. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa hata kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Ndiye sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na ndiye mwenye Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya genge linaloitazama bahari, na ndani yake birika la kuogea lenye pembe nane. Nendeni mkaliangalie. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na kila jiwe linasema kwamba waliolijenga walijua kupatana.

Kisha mapatano yakafa. Katika karne ya 15 maamiri na mawaziri waligeuka kuwa ndio wanaomweka sultani na kumwondoa. Mreno Francisco de Almeida alipofika na merikebu zake Julai 1505, aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim, ambaye wengi hawakumkubali kuwa mwenye haki ya kiti. Mji uliporwa. Wareno hawakupata taabu ya kumtafuta wa kumvika taji: mzee wa mji, Muhammad Ankoni, alikuwapo. Wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha, kwa kuwa Sofala walikwisha kuishika wenyewe na Kilwa haikuwa na kazi kwao tena.

Na Malindi? Malindi ilikuwa na uhasama wa siku nyingi na Mombasa. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa ilimkataa, Malindi ikamkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mombasa ikachomwa moto mwaka 1505, na Malindi ikaona imepata mlinzi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, nao waliijenga Mombasa, kwa sababu bandari ya Mombasa ni bora. Ukoo wa Malindi ukahamishiwa Mombasa kutawala chini ya Wareno, na Malindi yenyewe ikadidimia. Mtoto wa ukoo huo huo, Sultani Hasan, aligombana na makapteni wao, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf aliinuka mwaka 1631, akaiteka ngome, lakini mwaka uliofuata alikuwa ameiacha. Hiyo ndiyo shukrani waliyolipwa waliomfungulia mgeni mlango ili awapigie jirani yao.

Wanangu, bahari ile ipo na pepo zile zipo. Leo Dar es Salaam na Mombasa zinagombea shehena za Uganda, Rwanda na Kongo, na Lamu nayo imeingia. Kushindana kwa kazi nzuri na ushuru wa haki hakuna ubaya. Ubaya ni kumpa mgeni masharti yasiyobebeka ili tu jirani akose, na ubaya mkubwa zaidi ni kugombea kiti mpaka mtu wa nje awe ndiye mwamuzi.

Basi nawausia mambo matatu. Njia ya kukabidhiana madaraka iwe wazi na iheshimiwe hata na aliyeshindwa. Zungumzeni na jirani kabla ya kuzungumza na aliyetoka mbali. Na mkataba wa bandari usomwe na wenye nchi kabla haujatiwa saini. Ninyi ndio mnaopiga kura na kukaa vikaoni sasa. Lifanyieni kazi neno hili mkiwa bado na nguvu.